Zoom na siri za biashara: hiki chumba cha kusubiri nakipenda mno

Assalam aleikum jamani, karibuni tena. Leo ni Zoom, programu ya mikutano ya video. Kuipakua sisemi, mshajua. Nataka tukae kwenye chumba cha kusubiri, maana wenye hoteli Nungwi na wanunuzi wa mwani Paje wanapatana bei humu, na kiungo cha mkutano kinazungushwa WhatsApp kama hakina mwenyewe.

Tazameni. Naingia kwa simu yangu ya pili. Kwenye jina naandika "Mhasibu". Haya, mnaona kwenye laptopu? Mhasibu yuko nje, anasubiri. Hili ndilo baraza letu: mgeni hukaa hapo mpaka mwenye nyumba aseme karibu. Lakini angalieni vizuri, jina limepokelewa vile vile nilivyoliandika. Sikuulizwa mimi ni nani! Kwa hiyo msiwaruhusu wote kwa mkupuo. Mpigie mhasibu kwa namba yake unayoijua, muulize: ni wewe uliye mlangoni? Akisema ndiye, mwingize. Watu wakishatimia, nenda kwenye vifaa vya mwenyeji (Host tools), funga mkutano. Sasa najaribu tena kwa simu... Inakataa! Na kiungo ninacho, na neno la siri ninalo. Mashallah, hapa wamefanya kazi.

Hata wakubwa hupitiwa. Machi 2020 Boris Johnson, wakati huo waziri mkuu wa Uingereza, aliweka Twitter picha ya mawaziri wake wakikutana Zoom, na namba ya mkutano, ile ya kuingilia, inasomeka.

Usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, yaani mazungumzo yanafungwa yafunguke kwa walio mkutanoni tu, hata Zoom wenyewe wasiyasikie, ulikuja Oktoba 2020, hata kwa wasiolipa, ila uuwashe mwenyewe. Ukiuwasha, wa kivinjari na wa simu ya kawaida hawaingii. Kwenye mambo ya bei mimi nauwasha.

Mkutano wa Zoom ya bure ni dakika 40. Google Meet inatoa 60 mkiwa watatu na zaidi, najua mtaniandikia. Kwa muda, Meet inashinda. Kwa kufunga mlango, nabaki hapa hapa. Wa Pemba, video ya ruta nimeshairikodi Chake Chake, inakuja wiki ijayo.

Ee, na jedwali la bei! Ukilionesha, chagua dirisha la Excel peke yake, si skrini nzima. Nafungua mkutano, naiingiza simu, najitumia ujumbe wa WhatsApp... Kwenye laptopu umeshuka pembeni huo. Kwenye simu, jedwali tu.