Unga wa fangasi wa mizizi kwenye kitalu changu cha Mafinga: uzoefu wangu

Mama mkwe alipoisoma ile paketi aliirudisha mezani kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika panya. "Mwanangu, mwaka jana umemaliza hela kununua dawa ya kuua fangasi. Leo unanunua fangasi wenyewe?" Siku hiyo sikuwa na jibu. Sasa ninalo, ila lina "lakini" nyingi.

Nina kitalu kidogo pembeni ya mji wa Mafinga, mkoani Iringa. Nauza miche ya parachichi ya kubebesha, aina ya Hass, na miche ya misindano (paina) kwa wanaopanda miti ya mbao. Mwaka juzi parachichi zilinifia kwenye viriba, mizizi myeusi, inanuka. Jirani mwenye kitalu akaniambia nichemshe udongo kabla ya kujaza viriba. Nikakata pipa, nikawasha kuni chini, nikalowanisha udongo na kuufunika kwa gunia. Kipimo ni kiazi mviringo: unakifukia katikati, kikiiva na udongo umeiva. Kuoza kukakoma kabisa. Ila miche ikaanza ugonjwa mwingine, wa kugoma. Inachipua vizuri, inatoa majani manne, matano, kisha inasimama pale pale wiki baada ya wiki. Samadi ipo, maji yapo, mche umekaa tu kama mgeni anayesubiri gari.

Nilipomweleza muuza duka la pembejeo, akanitolea paketi ya gramu 250 kwa shilingi 22,000. Unga wa rangi ya ulezi uliosagwa, hauna harufu. Umeandikwa "maikoriza" na chini yake kwa herufi kubwa, "kwa mazao yote". Shikeni hayo maneno matatu ya mwisho, nitayarudia.

Mpwa wangu anayesomea kilimo ndiye aliyenielewesha kinachouzwa. Ndani ya unga kuna mbegu za fangasi ambao hawali mzizi, wanaishi nao. Uzi wao ni mwembamba kuliko unywele. Upande mmoja unaingia ndani ya mzizi, upande mwingine unatambaa kwenye udongo. Udongo wetu huu mwekundu una chuma na aluminiamu, na hizo zinaishika fosforasi, chakula muhimu cha mmea, kama mkopeshaji anavyoshika kitambulisho. Fosforasi yenyewe haitembei; mzizi ukimaliza iliyo jirani, milimita mbili tu mbele yake ipo nyingine na haifikii. Uzi wa fangasi unaifuata sentimita kadhaa na kuileta. Mmea unalipa kwa sukari na mafuta. Na parachichi ni mteja mzuri, maana mizizi yake inakaa juu juu na vinyweleo vyake ni haba sana. Mimi nilipouchemsha udongo nilimuua mwizi, nikamuua na mlinzi.

Basi nikajaribu, kwa utaratibu. Septemba nilihamisha kokwa zilizochipua kutoka kitanda cha mchanga. Viriba 40 niliweka unga kidogo, kama kijiko cha chai kisichojaa, kwenye shimo, mzizi ukaugusa. Viriba 40 havikupata kitu. Vyote udongo mmoja wa pipa, kivuli kimoja, ndoo moja ya kumwagilia. Kisha vingine 20 nikaviwekea unga pamoja na DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi, kama nilivyozoea, kwa tamaa yangu tu.

Mwezi wa kwanza tangu nihamishe, hakuna kitu. Wa pili hakuna kitu, na mama mkwe ananiuliza kila asubuhi kama fangasi wameamka. Katikati ya mwezi wa tatu nikaanza kuona rangi. Majani ya upande wa unga yalikuwa mapana na kijani kizito. Ya upande mwingine madogo, yamefifia. Mwisho wa Januari nilipita na penseli, maana tunabebesha shina likifika unene wa penseli. Wenye unga 40, tayari walikuwa 29. Wasio na unga 40, tayari walikuwa 12. Kwa mtu wa kitalu hiyo si hesabu ya kuchezea: mche ukichelewa kubebeshwa, mvua za kupandia zinaisha ukiwa bado mikononi mwako.

Wale 20 wa unga na DAP? Walikua vizuri, ila niliponunua kwa jirani mche wa kiriba uliopewa DAP bila unga na kuilinganisha, sikuona tofauti yoyote. Mpwa akacheka. Mmea wenye fosforasi ya kutosha mlangoni hauna sababu ya kulisha mtu wa kuileta. Unawafungia fangasi mlango. Kwa hiyo hapo nilimwaga unga bure. Paketi haikusema neno juu ya mbolea.

Nikamwambia mpwa, mimi nataka kuwaona. Kwa macho huwezi, wako ndani ya mzizi. Alipokuja likizo alichukua vimizizi vyembamba kutoka pande zote mbili, akavichemsha kwenye dawa ya potasi mpaka vikawa vyeupe kama tambi, kisha akavitia kwenye wino wa kalamu uliochanganywa na siki. Ndiyo, wino na siki ya kachumbari. Tukaenda kwa mwalimu rafiki yake mwenye hadubini. Kwenye mzizi wa upande wa unga niliona nyuzi za buluu zimepita kati ya seli, na ndani ya baadhi ya seli kuna kitu kama mti mdogo wenye matawi mengi, umejaa chumba kizima. Hapo ndipo wanapobadilishana bidhaa. Mzizi wa upande wa pili ulikuwa vyumba vitupu, safi, kama nyumba ya kupangisha. Nimekaa kwenye kilimo miaka mingi na sijawahi kuona kitu kilichonifurahisha vile.

Sasa malalamiko. "Kwa mazao yote" ni uongo. Niliweka kwenye kabichi na chainizi za nyumbani, sikuona kitu, na sikupaswa kuona: ukoo wa kabichi, sukuma na haradali hauna urafiki na fangasi hawa hata kidogo. Spinachi na kiazi sukari (bitiruti) vivyo hivyo. Mahindi, maharage, vitunguu, nyanya, kahawa, chai na ndizi wanaupokea. Nani angeshindwa kuandika hayo mstari mmoja nyuma ya paketi?

Kilichoniuma zaidi ni misindano. Trei nzima niliipa unga, ikabaki ya njano na zambarau, mifupi. Misindano inataka fangasi wa ukoo mwingine, wanaouvika mzizi soksi kwa nje badala ya kuingia ndani ya seli, na hawamo kwenye paketi hii. Hao unawaona kwa macho: ng'oa mche wenye afya, ncha za mizizi zimegawanyika kama herufi Y, zimefunikwa utando mweupe. Wazee wa vitalu vya huku wanajua dawa yake siku nyingi, debe la udongo kutoka chini ya misindano mikubwa, unachanganya na wa viriba. Nilidhani ni mazoea tu, kumbe dunia nzima imepita njia hiyo. Kisiwani Puerto Rico misindano iligoma kukua mpaka miaka ya 1950 ulipoletwa udongo kutoka chini ya misindano ya Marekani bara. Sisi huku tuna msitu wa misindano wa Sao Hill mlangoni. Ule uyoga wa kahawia wenye utelezi unaoota chini ya miti mvua zikinyesha, wenye vitundu kama sponji chini ya kofia, ndio tunda la fangasi hao hao. Nilichanganya debe moja, trei ya pili ikabadilika rangi ndani ya wiki chache. Bei yake: jasho na ruhusa ya mwenye shamba.

Na hata uyoga wa njano tunaonunua barabarani masika, ule wa kwenye miyombo, unaishi kwa mtindo huo na miti yake. Ndiyo maana hakuna aliyefanikiwa kuuotesha kwenye mifuko ya pumba kama ule uyoga wa kufuga, mamama. Wa kwenye kichuguu ni habari nyingine, ule ni wa mchwa.

Jambo la mwisho kuhusu duka. Paketi yangu ya pili nilinunua dukani kwingine, imekaa kwenye rafu ya dirishani, jua la saa nane linaipiga. Haikufanya chochote. Hivi ni viumbe hai, vinakufa. Tangu hapo naangalia tarehe, naomba iliyoko ndani kwenye boksi, na nauliza inahifadhiwa wapi hata kama muuzaji ananuna. Dawa ya ukungu ya kumwagia kwenye udongo pia siitumii karibu na miche niliyoipa unga.

Kama unapanda moja kwa moja shambani, kwenye udongo ambao haujachemshwa na haulimwi kwa trekta kila msimu, sidhani unahitaji kununua; fangasi wako wamo humo tayari wanakungoja. Mimi nimenunua kwa sababu niliwaua mwenyewe. Kwa parachichi za viriba vya udongo wa pipa naipa nyota nne. Kwa maandishi ya paketi naipa moja.

Paketi ya tatu iko kwenye ndoo yenye mfuniko, uvunguni mwa kitanda. Mama mkwe ndiye aliyeiweka huko, akasema kama wanakula hela zetu basi walale pazuri.