Arbitrum One na Base: kasi ipo, lakini funguo zimeshikwa na nani?

Anayelinganisha mitandao ya tabaka la pili ya Ethereum, kama Arbitrum One na Base, yaani mitandao inayochakata miamala pembeni ya mtandao huo mkuu wa sarafu za kidijitali kisha kuweka data zake humo, kwa kutazama ada peke yake atakuwa amechelewa, kwa kuwa hoja hiyo ilipoteza uzito mwingi tarehe 13 Machi 2024, siku ya Dencun, sasisho la Ethereum lililoipa mitandao hiyo nafasi yake mahususi ya kuweka data kwa bei nafuu, iitwayo blobu. Data hizo hutunzwa kwa siku 18 hivi kisha hufutwa, na ndiyo maana gharama yake ni ndogo. Tangu hapo, muamala wa kawaida katika Arbitrum One au Base hugharimu senti chache za dola, mara nyingi pungufu ya hapo.

Kwa kasi, Arbitrum hutoa bloku (fungu la miamala) kila robo sekunde, na Base kila sekunde mbili, ingawa tangu Julai 2025 Base hutoa pia uthibitisho wa awali kila milisekunde 200. Mtumiaji wa kawaida hataona tofauti yoyote.

Tofauti yenye maana iko kwenye mamlaka. Mitandao yote miwili hupangiwa miamala na sikwensa moja tu, yaani kompyuta inayopanga foleni ya miamala, mfano wa konda anayeamua nani apande kwanza, na konda huyo akisinzia safari husimama: Base ilisimama kwa takriban dakika 45 mwezi Septemba 2023, na Arbitrum kwa zaidi ya saa moja tarehe 15 Desemba mwaka huohuo. Sikwensa ya Base ni ya Coinbase, kampuni ya soko la sarafu za kidijitali. Hata hivyo, mtu anayenyimwa nafasi anaweza kuwasilisha muamala wake moja kwa moja kwenye Ethereum, nao hulazimika kuingizwa baada ya saa 24 kwa Arbitrum, au 12 kwa Base. Hapa Base imeshinda, jambo ambalo watetezi wa Arbitrum hawapendi kulitaja.

Mitandao hii huchukulia kwamba hesabu za miamala zilizowasilishwa Ethereum ni sahihi mpaka atokee wa kuzipinga, na kwa sababu hiyo kurudisha fedha Ethereum huchukua siku saba hivi. Swali ni nani anayeruhusiwa kupinga. Base, iliyofunguliwa kwa umma Agosti 2023, ilikaa zaidi ya mwaka mzima bila utaratibu wowote wa kupinga, hadi Oktoba 2024. Wateja walikuwa wanaiamini kampuni tu, kama wanavyoiamini benki. Arbitrum ilikuwa nao mapema, ila kwa walioorodheshwa peke yao, na mlango ulifunguliwa kwa kila mtu kwa mfumo wa BoLD mwezi Februari 2025.

Kwa malipo madogo ya kila siku ningetumia Base bila wasiwasi. Kwa fedha nyingi za kukaa muda mrefu ninachagua Arbitrum, kwa sababu wenye tokeni ya ARB, sarafu ya Arbitrum yenye haki ya kura, huwachagua wajumbe 12 wa baraza lake la usalama, lenye mamlaka ya kuchukua hatua za dharura, ilhali Base haina kura ya namna hiyo. Ninachagua nikijua kwamba sahihi za wajumbe tisa kati ya hao 12 zinatosha kubadilisha programu ya mtandao mzima papo hapo, kabla mtumiaji hajapata zile siku saba za kuondoa fedha zake.