Gamba la kobe: uzoefu wangu wa upasuaji wa mgongo na mkanda wake

Mimi ni fundi cherehani hapa Newala, mkoani Mtwara, kwa hiyo niruhusuni nianze na nguo. Kati ya Agosti na Desemba 2023 nililipunguza gauni langu moja mara mbili. Mara ya pili nikajiambia ni msimu wa korosho, kazi za sare na nguo za sikukuu zimerundikana, mtu hali vizuri. Tepu yangu mwenyewe ilikuwa inaniambia kiuno kinaisha, nami naikunja naiweka shingoni.

Mgongo ulikuwa unauma usawa wa mbavu za mwisho. Si maumivu yale ya kuinama siku nzima, hayo nayajua, ukilala yanapoa. Haya yalikuwa yanakuja usiku, na jasho juu yake, shuka linaloa. Zahanati niliyokuwa nikienda (siitaji, tunaishi nao) walinipa sindano za maumivu, kisha dawa za U.T.I. (maambukizi ya njia ya mkojo), kisha sindano tena. Mnajua wenyewe, kwetu mwanamke akishika kiuno tu jibu ni U.T.I. Miezi mitano ikapita hivyo. Kikohozi sikuwa nacho hata kidogo, kwa hiyo hakuna aliyewaza TB, na mimi nikiwa wa kwanza.

Aliyegundua ni wifi yangu, akinichua kwa mafuta ya nazi. Vidole vyake vikasimama. "Wifi, hapa kuna kitu." Kulikuwa na kinundu kwenye uti, mfano wa korosho iliyofichwa chini ya ngozi. Wiki chache baadaye mguu wa kulia ukaanza kuchelewa kwenye pedeli ya cherehani. Nauambia kanyaga, unafikiria kwanza. Hapo baba watoto akakodi gari tukateremka hadi Ndanda, hospitali ya misheni, ndiko nilikopigwa picha. Pingili mbili zilikuwa zimeliwa upande wa mbele na kuegemeana. Nikaandikiwa rufaa ya kwenda MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar.

Dar nilipigwa MRI, picha ya kuona ndani ya mwili, na kuchomwa sindano ya kuchukua nyama ya kupima. Jibu likawa TB ya uti wa mgongo. Daktari alinieleza kwa mkono: akakunja vidole kidogo kidogo kunionyesha mfupa ukiliwa kwa mbele unavyoporomoka na kufanya kibiongo, na usaha unavyojikusanya na kuibana mishipa ya fahamu iliyo ndani ya uti. Ndiyo maana mguu ulikuwa unafikiria. Akasema ni ugonjwa wa zamani sana, Mwingereza Percivall Pott aliuandika mwaka 1779 na ukapewa jina lake. Nilimuuliza kwa nini basi zahanati hawaujui. Akacheka, hakujibu.

Jambo nililotaka kulisema kwa herufi kubwa: wengi wenye TB ya mgongo wanapona kwa vidonge tu, bila kisu. Upasuaji ni kwa ambaye mishipa ya fahamu imebanwa, au mgongo hauna tena mhimili, au kibiongo kinazidi. Mimi nilikuwa na yote matatu. Msikimbilie kuuza shamba la mikorosho kabla hamjamsikia daktari wa mifupa.

Upasuaji wenyewe sina mengi ya kuusimulia, nililala. Walipasua kwa nyuma, wakatoa usaha na mfupa uliokufa, wakafunga skrubu nane kwenye pingili za juu na za chini ya zile mbovu, na vyuma viwili virefu vya kuziunganisha. Kwenye picha inaonekana ngazi. Ndugu walitakiwa wachangie damu, na hapo niliwajua ndugu. Siku mbili za kwanza unageuzwa kama gogo, wauguzi watatu kwa hesabu moja, bega na nyonga vinakwenda pamoja. Siku ya tatu walinisimamisha. Nililia, lakini mguu wa kulia ulitii siku ileile, ukanyanyuka nilipouambia.

Sasa mkanda, ule wa kuushikilia mgongo baada ya kisu. Wengi mmeniuliza kuhusu mkanda kuliko kuhusu kisu, na mko sahihi, maana kisu ni cha saa tano na mkanda nimeuvaa karibu miezi minne.

Si ule wa kitambaa cha mpira unaouzwa barabarani kwa watu wa kiuno. Huu ni wa plastiki ngumu, vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, unabanwa ubavuni kwa mikanda ya kunata. Watoto waliuita gamba la kobe. Wa kwanza tuliununua dukani nje ya hospitali, shilingi 180,000, muuzaji kanipima kwa macho. Mimi ninayepima watu kila siku nikakubali kupimwa kwa macho! Ulikuwa mkubwa. Nikiketi unapanda hadi kidevuni, nikisimama ukingo wa chini unasaga mfupa wa nyonga. Nilipolalamika akasema nitazoea. Siku ya nne ngozi ikachubuka. Tukaenda kwa mafundi wa viungo bandia, wale wanaotengeneza miguu ya plastiki. Fundi alinipima nikiwa nimelala, akachukua unene wa kifua, kiuno na nyonga, akapasha plastiki moto na kukunja kingo zake kwa nje, kama pindo. Tulielewana haraka, sote mafundi. Wa dukani hawakurudisha hela.

Joto nalo. Mkanda huu ulibuniwa na mtu asiyeujua Machi wa Mtwara. Namshukuru Mungu mimi niliuanza Juni, na juu ya uwanda wa Makonde huku kuna kiubaridi asubuhi, lakini nikiwa Mbagala, Dar, bado nilitoka vipele kama ngozi ya fenesi. Poda haifai, inagandamana. Kanga haifai, inajikunja na mkunjo unakuwa kamba. Kilichonisaidia ni fulana ya pamba isiyo na mikono, ndefu ipite nyonga, nikamwambia mwanafunzi wangu aigeuze: mshono uwe nje. Nyuma asiweke mshono kabisa. Nilikuwa nazo tano, mbili kwa siku. Na ile mikanda ya kunata ilijaa nyuzi, baada ya miezi miwili haishiki. Usitupe mkanda mzima. Chokoa nyuzi kwa sindano, ikigoma fumua ushone mipya, ni kazi ya robo saa.

Mbagala nilikaa kwa shemeji wiki saba, maana daktari alikataa nipande basi nikiwa na kidonda kibichi. Alikuwa na haki. Nilirudi Julai 2024, na mafuriko ya Mei yalikuwa yameikata barabara ya kusini, kwa hiyo pale Somanga tulipita kwenye michepuko. Nilikuwa nimekata kiti cha mbele. Kila shimo nilikuwa naliona kabla halijafika, na hilo ndilo kosa la kiti cha mbele. Nangurukuru nikateremka, nikatembea kuizunguka basi mara tatu, abiria wananitazama, mama mnene kumbe ni plastiki.

Nyumbani ndiko nilikogundua karatasi ya maelekezo iliandikwa kwa nyumba nyingine. "Usiiname, usijipinde, usibebe kizito." Sawa. Choo chetu ni cha shimo, unachutama. Seremala akakitoboa kigoda kirefu. Kitanda tukakiinua kwa matofali ili miguu ifike chini kabla ya kuinuka, na unainuka kwa ubavu, miguu inatangulia kushuka huku mkono ukikusukuma. Mbuzi ya kukunia nazi niliigawa kwa jirani. Kuswali niliswali kitini.

Kubwa lilikuwa maji. Huku juu ya uwanda wa Makonde maji hayana adabu, tunavuna ya mvua kwenye kisima cha uani na kuyachota kwa ndoo na kamba. Kuvuta kamba ile ni kuinama, kujipinda na kubeba kizito kwa pamoja, kana kwamba daktari alikiona kisima changu akaandika karatasi. Mwezi wa pili tangu nirudi niliivuta ndoo moja, nusu tu, kwa sababu hakukuwa na mtu nyumbani na nilikuwa na kiu. Maumivu yaliniketisha ukingoni hadi wifi aliporudi. Hakunigombeza. Aliifungua kamba, akaondoka nayo kwake, na tangu siku hiyo akawa anakuja alfajiri kunijazia madumu.

Vidonge nilimeza mwaka mzima. Havilipiwi, unachukua kliniki ya TB hapahapa wilayani, na wanangu wakaitwa kupimwa. Mkojo unakuwa kama maji ya ubuyu, msishtuke. Mama mkwe alishtuka, akaona ndilo jini linatoka, na mimi nikamwachia furaha yake. Wengine huacha mwezi wa tatu wa dawa wakijisikia nafuu. Chuma hakiui wadudu jamani. Chuma kinashikilia tu ili dawa ifanye kazi.

Mkanda nilivuliwa Septemba, kidogo kidogo, kwanza saa za mchana. Siku ya kwanza bila gamba nilihisi kama nimetoka nje bila nguo. Cherehani niliirudia Januari 2025, dakika ishirini kisha natembea, nimeifunga mota ili mguu usihangaike. Paja la kulia lina mahali hapasikii, ukubwa wa kiganja. Sindano ya cherehani iliwahi kuniangukia hapo, nikaiona kwa macho tu.

Kuhusu kunyooka, kibiongo hakikwisha chote na daktari hakuniahidi hivyo. Anayejua ni mimi na mkasi wangu. Gauni la mtu mwingine, kipande cha mbele na cha nyuma nakata kwa kipimo chao. Langu, kabla ya upasuaji ilibidi mgongoni niongeze inchi mbili ili pindo lisipande nyuma. Sasa hivi naongeza nusu.