Pikapu ya dizeli ya mtumba: mimi naanza na D-Max, Hilux inafuata

Wakuu, kabla ya kuuliza gari inaitwaje uliza nozeli zake zikoje, yaani zile sindano zinazopuliza dizeli ndani ya injini, maana hizi injini za komoni reli, ambazo bomba moja la presha kubwa linalisha nozeli zote, hazina uvumilivu wa zile za zamani, maji kidogo tu kwenye tanki au dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa na nozeli zimekwenda, pampu ya dizeli nayo inafuata, na bili yake inauma kweli.

Namba moja ni Isuzu D-Max yenye injini ya 4JJ1 ya lita 3.0. Ina timing cheni badala ya beliti, mzigo inabeba, na Kenya zinaunganishwa palepale Nairobi kwa hiyo mafundi wameizoea. Ina kelele, sawa, lakini hii ni gari ya kazi.

Pili ni Hilux Vigo, ile ya 2005 mpaka 2015. Najua mtabisha. Gari nzuri sana na kuiuza ni rahisi, ila jina unalilipia, halafu injini yake ya 1KD ya lita 3.0 ina ugonjwa wake: washa (zile pete nyembamba) za shaba chini ya nozeli zikianza kuvujisha, masizi yanaingia kwenye oili, oili inageuka lami, lami inaziba kichujio cha pampu ya oili ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na taa ya oili ikija kuwaka injini imeshaumia. Fungua mfuniko wa oili umulike na tochi, ukikuta gamba jeusi limeganda, achana nayo. Uliza pia timing beliti ilibadilishwa lini, mwisho wake ni kilomita 150,000 hivi.

Tatu, Ford Ranger ya 3.2, silinda tano. Kuendesha ni raha, nguvu ipo, ila oili ikishamwagwa isikae hivyo fundi akaenda kula, pampu yake ya oili inaweza kushindwa kuvuta tena na ukiwasha injini inazunguka kavu. Kama huna fundi anayeijua, iache.

Mwisho Nissan Navara ya toleo la D40. Bei inashawishi, lakini timing cheni za zile za mwanzoni zilisumbua, na zilizotembea Uingereza chesesi zinaliwa na kutu mpaka zinakatika nyuma ya kebini. Lala chini uangalie mwenyewe.

Yoyote utakayoipenda, nenda asubuhi na mwambie muuzaji asiiwashe. Gusa injini kwanza, ikiwa ya moto ujue kuna kitu anaficha. Ikiwa ya baridi, washa usikilize kama inagonga, angalia moshi, kisha fundi achomoe mipira ya ritani, ile inayorudisha dizeli iliyobaki kutoka kwenye nozeli, kila nozeli irudishie kwenye chupa yake injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, dakika chache tu. Chupa moja ikijaa haraka kuliko wenzake, hiyo nozeli imechoka, na hapo ndipo bei inaposhuka au unaondoka zako.

Ukishanunua, oili kila kilomita 5,000, filta ya dizeli orijino kila 10,000, na usisubiri taa ya kuonya maji kwenye dizeli, chini ya filta kuna kikoki, kilegeze mara kwa mara mpaka itoke dizeli tupu ndio ukaze.