Fino ya Jerez: kwangu nyota tano, kwa wifi yangu moja

Kabla ya ladha, mjue kwanza mnachonunua. Tío Pepe ni fino, yaani sheri (mvinyo unaoongezewa kilevi) nyeupe isiyo na sukari, kutoka Jerez kusini mwa Hispania. Inatengenezwa na González Byass, kampuni iliyoanza mwaka 1835. Zabibu zake ni aina ya palomino, kilevi ni asilimia 15, na rangi ni hafifu kama nyasi kavu. Ukiionja ukaipenda, utaipenda kwelikweli. Usipoipenda utamtilia shaka aliyekununulia, na hilo nalisema kwa sababu mimi ndiye niliyetiliwa shaka.

Wifi yangu si mgeni wa mvinyo. Anajua anachokitaka: mwekundu laini unaonukia matunda, au mweupe wenye utamu kidogo, glasi mbili Ijumaa jioni, basi. Nilimmiminia fino ikiwa imetoka kwenye friji, glasi ikitoa jasho. Akainusa, akairudisha mezani bila kuonja.

“Wifi, hii chupa mliifungua lini?”

“Sasa hivi. Si umeniona?”

“Basi imeharibikia humo humo ndani.”

Nikaipeleka chupa nyingine ya fino hiyo hiyo kwa wenzangu tunaokutana kuonja mvinyo. Huko kukawa kimya, pua zimezama kwenye glasi. Mmoja akasema ananusa lozi mbichi, mwingine unga uliokwisha kuumuka, mwingine hewa ya pwani. Aliyechelewa hakukuta kitu.

Hapo wengi wetu tunaojiita wapenzi wa mvinyo tungefunga kesi: wifi hajui. Ni hukumu tamu, maana inatupandisha sisi. Ila pua ya wifi ilikuwa sahihi kabisa. Harufu iliyomkimbiza inatokana na asetaldehidi, ile inayofanana na tufaha lililogongwa likaachwa mezani. Ikijitokeza kwenye mvinyo mweupe wa kawaida, mjuzi yeyote atakwambia kwamba hewa imeingia na chupa irudishwe. Mimi mwenyewe nimerudisha chupa kwa sababu hiyo hiyo. Kwenye fino tunaipigia makofi. Kinachobadilika ni kwamba mmoja wetu aliambiwa mapema aitarajie.

Na haiji kwa bahati mbaya. Fino hukaa kwenye mapipa ya lita 600 ambayo hayajazwi hadi juu. Huachwa nafasi ya hewa kwa makusudi. Juu ya mvinyo huota utando wa hamira unaoitwa flor, mweupe, umekunjamana, umetanda pipa zima. Utando huo unauzuia mvinyo usiguswe na hewa, na wakati huo huo unakula. Unakula sukari iliyobaki, unakula sehemu ya kilevi, unakula gliseroli, ile inayoufanya mvinyo uwe laini na mzito kidogo ulimini. Sheria ya Jerez inataka angalau miaka miwili, na fino nyingi hukaa zaidi. Kilevi kikipandishwa hadi asilimia 17 hamira inakufa, na hapo unapata oloroso, kinywaji kingine kabisa, cha kahawia na kizito. Ndiyo maana fino inaachwa kwenye asilimia 15 au juu kidogo tu: wanamlinda mlaji, yaani hamira.

Sasa itazameni orodha ya anavyokula huyo mlaji: sukari, ulaini, uzito. Ndivyo vitu vile vile anavyovitafuta wifi kwenye glasi yake ya Ijumaa. Fino ni mvinyo ulioondolewa kimoja kimoja kila anachokipenda, kisha ukaongezewa harufu ambayo kwingine kote ni dalili ya kuharibika. Ningeshangaa angeipenda.

Swali gumu ni kwa nini sisi tunaipenda. Sehemu ya jibu ni uchovu. Mtu anayeonja mvinyo mara kwa mara anakutana na matunda yaliyoiva yale yale, vanila ya pipa jipya ile ile, mpaka ulimi unasinzia. Kitu chembamba, kikavu, kinachoacha ladha kama ya chumvi, kinamwamsha. Mnywaji wa kawaida hajachoka. Hana kinachomfanya aamshwe.

Sehemu nyingine ni namna tunavyokunywa, na hii sisi wanusaji hatupendi kuisema. Tunachukua funda moja, tunalizungusha mdomoni, tunatema, tunaandika, tunaendelea na chupa inayofuata. Kwa mtindo huo kinachoshinda ni kinachokumbukwa. Wifi anakaa na mvinyo mmoja jioni nzima, akiongea mambo mengine. Kwake kinachoshinda ni kile ambacho glasi ya pili bado inateremka. Ni mitihani miwili tofauti, halafu tunashangaa matokeo hayafanani.

Halafu kuna lebo. Mwaka 2008 Robin Goldstein na wenzake walichapisha kwenye Journal of Wine Economics uchambuzi wa maonjo zaidi ya 6,000 yaliyofanyika Marekani, waonjaji wakiwa hawajui bei. Watu wasio na mafunzo ya mvinyo waliipenda mivinyo ya bei nafuu kuliko ile ghali, kwa tofauti ndogo. Wenye mafunzo hawakuonyesha hivyo. Kwao mwelekeo ulikuwa upande wa ile ghali. Mwaka huo huo watafiti wengine, Hilke Plassmann akiwa mmoja wao, waliwapa watu mvinyo ule ule mara mbili wakitaja bei tofauti, na uliotajwa kuwa ghali ukawapendeza zaidi, hata kwenye picha za ubongo. Kwa hiyo mafunzo yanabadilisha kweli ulimi, na maneno yanaubadilisha pia. Nikijimiminia fino nakuwa nimeshakunywa nusu ya hadithi kabla ya funda la kwanza.

Lawama yangu inaanzia hapo. Lebo nyingi za fino hukwambia ni kavu, ni nyepesi, inaburudisha. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linalomsaidia mtu anayeifungua kwa mara ya kwanza. Mstari mmoja tu ungetosha: hainukii matunda, inanukia lozi na unga uliochachuka, na ndivyo inavyotakiwa kuwa. Badala yake mtu anasoma neno “nyepesi”, anategemea mvinyo mweupe wa kawaida, anapata mshtuko, chupa inaishia kwenye mchuzi.

Jambo moja nalikataa: kuwacheka wanaopenda sukari. Kwenye madaraja ya mvinyo wa Bordeaux, Ufaransa, ya mwaka 1855, upande wa mivinyo myeupe, aliyewekwa juu peke yake kuliko wote ni Château d'Yquem, na Yquem ni mtamu kuliko chochote ambacho wifi amewahi kuniomba. Shampeni ya karne ya 19, hasa iliyopelekwa Urusi, ilikuwa na sukari nyingi mno kulinganisha na ya leo; ukavu uliingia taratibu kwa kuwafuata wanunuzi wa Uingereza, na brut, yaani shampeni kavu, ya kampuni ya Pommery ya mavuno ya 1874 ndiyo inayotajwa sana. Leo chupa iliyoandikwa brut haitakiwi kuzidi gramu 12 za sukari kwa lita, na wapo wanaoona hata hizo ni nyingi. Matajiri walipopenda utamu, utamu ulikuwa heshima. Wanywaji wa kawaida walipoupenda, ukawa ushamba. Ulimi haujafanya kosa lolote hapo katikati.

Na sisi wenyewe hatutulii. Kuna wakati wapenzi wa mvinyo walikuwa wanakimbilia mivinyo mizito, myeusi, iliyojaa pipa, wakifuata alama kati ya 100 za Robert Parker, mhakiki wa mvinyo wa Marekani. Wengi wao siku hizi wako upande wa pili: uchachu, wepesi, mivinyo ya rangi ya chungwa kutoka vyungu vya nchi ya Georgia vinavyofukiwa ardhini. Wifi muda wote huo amebaki pale pale na mvinyo wake laini. Sijui nani hapo mwenye msimamo.

Turudi kwenye chupa. Fino inywewe baridi sana, kwenye glasi ya kawaida ya mvinyo mweupe. Vile viglasi vidogo vya sheri vinaminya harufu. Usiinywe tupu. Zeituni, lozi zilizokaangwa kwa chumvi, samaki: ukiwa na kimojawapo mdomoni, ule ukali unageuka kuwa usafi, na hata anayeikataa peke yake huwa anaongeza funda la pili. Mume wangu yuko kundi hilo. Bila lozi haigusi, penye lozi anakunja uso lakini glasi inapungua.

Ukiifungua, irudishe kwenye friji na uimalize ndani ya wiki, mapema zaidi ikiwezekana. Ukipewa fino baani, waulize ilifunguliwa lini. Chupa iliyosimama wazi kwenye rafu yenye joto kwa mwezi inakuwa imepooza, imechusha, na kwa chupa hiyo wifi na mimi tutakuwa upande mmoja.

Kama meza yako ina watu wa aina zote mbili, usianze na fino. Anza na Riesling, mvinyo mweupe, ya daraja jepesi liitwalo Kabinett kutoka Mosel, Ujerumani. Kilevi chake mara nyingi ni asilimia 8 au 9, sukari imebaki, na uchachu unaibana hiyo sukari isichushe. Wifi anaunywa kwa sababu ya utamu, mimi naunywa kwa sababu ya uchachu, na chupa haifiki popote. Moscato d'Asti ya Italia nayo inafaa, nyepesi zaidi, asilimia 5 hivi na vipovu kidogo, ingawa kundi langu la waonjaji huinywa haraka mno kwa watu wanaodai hawapendi vitu vitamu.

Nyota tano nazitoa bila kusita, maana kwa kazi iliyoingia ndani ya chupa hii ningetegemea bei kubwa zaidi ya inayotozwa. Nyota moja ya wifi naiheshimu na nimeiandika kwenye kichwa makusudi. Kama hujui uko kundi gani, tafuta nusu chupa, ya mililita 375, na uwe na bakuli la lozi karibu.