Mikanda ya saa ya kitambaa kwa joto la Tanga: uzoefu wangu

Joto la Tanga si la kuuliza, na mimi mkono wangu unatoka jasho kuliko kawaida. Mkanda wa ngozi kwangu haumalizi masika. Unaanza kunuka, kisha unapasuka pale kwenye matundu. Ndiyo maana nimehamia kwenye mikanda ya kitambaa, ile ya bei chee inayotandazwa mezani Ngamiani au kuagizwa mtandaoni. Nimevaa aina nne kwa saa ileile, na tofauti zake ni kubwa kuliko bei zinavyoonyesha.

Ule unaopatikana kila mahali ni wa nailoni, kipande kimoja kirefu, wauzaji wanauita NATO. Asili yake ni jeshi la Uingereza: mwaka 1973 Wizara ya Ulinzi ya huko ilitoa maelezo rasmi ya mkanda wa nailoni wa kijivu, upana milimita 20, na umbo lile ndilo tunalovaa mpaka leo. Unaingia kwenye pini ya juu, yaani kile kijiti cha chuma kinachoshika mkanda, unapita chini ya saa, unatokea kwenye pini ya pili. Pini moja ikichomoka, saa inabaki imeshikwa na nyingine. Kwa anayeogelea Raskazone au anayeshughulika na mashua, hiyo peke yake ni sababu ya kuununua.

Kero yake ni kile kipande kifupi cha pili kilichounganishwa na mkanda, kinacholala chini ya saa. Saa inainuka, na jasho linakaa katikati ya tabaka mbili za nailoni mpaka ngozi inawasha. Mimi hukikata kwa mkasi pale kinapoungana na mkanda, kisha napitisha moto wa kiberiti kwenye ncha ili nyuzi zisifumuke. Saa inalala vizuri zaidi. Ila ukishaukata, shika saa unapofungua bizimu, kile kifungio cha chuma, maana hakuna tena cha kuizuia isiteleze ikaanguka.

Halafu kuna matundu, na hapa ndipo mkanda wa bei chee ulio mzuri unapoachana na ulio mbaya. Elekeza mkanda kwenye mwanga. Tundu lililotobolewa kwa joto lina ukingo mgumu unaong'aa kidogo, na ulimi wa bizimu unaingia bila kukwama. Lililotobolewa kwa sindano tu utaona vinyuzi vimesimama pembeni; kila ukifunga na kufungua linapanuka, mwisho matundu mawili yanakuwa moja.

Aina ya pili ni nailoni nzito, imefumwa kama mkanda wa kufungia abiria kwenye gari. Ukiupapasa dukani utaupenda palepale: laini, unateleza, una mng'ao. Ofisini kwenye feni au harusini, huo ndio wenyewe. Lakini ni mnene, na ukirowa maji ya bahari unachelewa kukauka. Chumvi ikigandia ndani, ule ulaini wote unaondoka mpaka uuoshe kwa maji baridi na sabuni.

Perloni ndiyo iliyonishika. Ni jamaa ya nailoni, aliivumbua mkemia Mjerumani Paul Schlack mwaka 1938, na mkanda wake umesukwa kwa nyuzi zilizopishana, hewa inapita moja kwa moja mpaka kwenye ngozi. Hauna matundu. Ulimi wa bizimu unachoma popote unapotaka, na hili watu wa pwani tunalithamini: mkono uleule wa asubuhi, saa nane mchana umevimba kidogo, basi unalegeza kiasi unachohitaji badala ya kuruka tundu zima. Ukirowa, kung'uta maji uendelee na kazi. Udhaifu wake ni pale ulimi unapochoma kila siku. Nyuzi zinaachana, na ncha ya mkanda wa bei ya chini sana inafumuka mapema. Hata hivyo, kwa kuvaa kutwa nzima, sijapata unaoufikia kwa raha.

Wa turubai la pamba sina mengi ya kusema. Unakunywa jasho, unakaa na unyevu, na wa kijani ulinichujia rangi kwenye mkono wa kanzu nyeupe. Pwani haufai.

Bizimu nayo uitazame. Ya chuma kisichoshika kutu inahimili chumvi. Iliyopakwa rangi ya fedha tu inabanduka, na kama chini yake kuna nikeli, wenye ngozi nyepesi wanatoka vipele. Vipele hivyo wengi wanamsingizia nailoni bure.

Kabla hujalipa, pima nafasi kati ya masikio ya saa yako, zile pembe mbili zinazoshika pini: mara nyingi ni milimita 18, 20 au 22. Wa 22 ukiulazimisha kwenye 20 unakunjamana pembeni na kukwaruza mkono. Na muuzaji akikukatalia kufungua pakiti uangalie matundu, sogea meza ya jirani. Bidhaa ni hizohizo.