Kozi ya udereva wa lori na tela: uzoefu wangu

Kozi niliyosoma ni ya leseni ya lori lenye tela. Ina nadharia darasani, ukaguzi wa gari, mazoezi ya uwanjani, kisha barabara, na siku ya mtihani unatumia gari la chuo. Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Barabarani wanafundisha vizuri sana. Kwenye breki za upepo na ukaguzi, wanakupa karatasi ukariri, na huko ndiko watahiniwa wengi wanakoanguka kabla hawajatoa gari hata mita moja.

Nianze na upepo, kwa sababu karatasi ya chuo ina mistari sita tu juu yake, na mtahini anaweza kukuuliza nusu saa.

Kipimo cha breki kina mpangilio, na kila hatua ina sababu. Kwanza kabari kwenye magurudumu, maana baadaye utaachia hendibreki. Washa injini uache kompresa (pampu ya upepo) ijaze matanki mpaka gavana, kifaa kinachoizuia isijaze zaidi, ikate. Utasikia pumzi ya upepo ikitoka. Kwenye magari yanayosoma mgandamizo wa upepo kwa psi, mengi hukata kati ya 120 na 140. Yanayosoma bar yanaweza kupita 10, kwa hiyo jifunze geji ya gari utakalofanyia mtihani, usibebe namba za gari la rafiki. Kisha zima injini, rudisha swichi iwe wazi bila kuwasha, achia hendibreki za kichwa (gari la mbele lenye injini) na za tela, ukanyage breki kwa nguvu na ushikilie dakika nzima. Kwa kipimo kinachotumika kwenye mwongozo wa leseni za magari ya biashara wa Marekani, upepo usishuke zaidi ya psi 3 kwa lori peke yake, au psi 4 kwa kichwa na tela moja. Ukishuka zaidi, kuna mahali panavuja.

Baada ya hapo, kanyaga na kuachia, kanyaga na kuachia. Taa au king'ora cha upepo mdogo kinatakiwa kulia karibu na psi 60, yaani bar 4 hivi. Endelea kukanyaga: kati ya psi 45 na 20 batani ya hendibreki itaruka yenyewe. Ndani ya chemba (vyombo vya upepo) za breki za nyuma kuna springi kubwa inayozuiwa na upepo. Upepo ukiisha, springi inasukuma na breki zinashika. Ukilielewa hilo, hata ukisahau namba utaweza kumweleza mtahini kinachotokea.

Makosa mawili yanajirudia sana hapa. La kwanza, mtu anazima swichi kabisa, king'ora hakilii, anasema kimeharibika. La pili, anakanyaga haraka haraka kama anasukuma baiskeli, anapita alama ya king'ora bila kuiona, anabaki anabahatisha. Kanyaga polepole, macho kwenye geji.

Chuo hakikufundisha kabisa kupima slaki ajasta (mkono unaounganisha fimbo ya chemba na breki ya gurudumu) kwa mkono, na hilo ndilo lililowaondolea nusu nyota. Gari likiwa mahali tambarare, kabari zimewekwa na hendibreki zimeachiwa, vaa glavu uvute kila slaki kwa nguvu. Ikicheza zaidi ya inchi 1 hivi, milimita 25, pale fimbo ya chemba inapoungana nayo, breki hiyo inahitaji kurekebishwa. Breki iliyolegea inatumia safari yote ya fimbo kabla ya kushika, na mteremko mrefu ukipasha ngoma ya breki joto, ngoma inatanuka na safari inazidi kuongezeka. Mengi ya magari ya sasa yana slaki zinazojirekebisha zenyewe. Hizo nazo zipimwe, kwani zikiwa zimelegea maana yake kuna kingine kimekufa.

Matanki yamwagwe maji kila siku isipokuwa yale yanayojimwaga, na hata hayo yaangaliwe. Yakitoka maji yenye mafuta ya rangi ya kahawia, kompresa inapitisha oili.

Ukaguzi wa gari zima wanaufundisha kwa orodha ya majina. Umeona tairi, sema tairi. Haitoshi. Mtahini anataka uguse, utaje, kisha useme inavyotakiwa kuwa: haijapasuka, haijalegea, haivuji, imefungwa. Zunguka gari kwa upande mmoja siku zote, ukianzia mbele, ili usiruke kitu. Vitu ambavyo ningewaomba walimu wavionyeshe kwa karibu ni vichache. Michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati za gurudumu ni dalili kwamba nati imelegea, hata kama kwa mkono inaonekana ngumu. Tairi pacha zisigusane, na katikati yake kusiwe na jiwe. Jani la springi lililohama au lililovunjika linaweza kuachia ekseli isogee, na tela linatembea limejipinda. Usukani wenye kipenyo cha inchi 20 usicheze zaidi ya inchi 2 kabla magurudumu ya mbele hayajaanza kugeuka. Zaidi ya hapo gari halishikiki kwenye njia.

Kuunganisha tela ni sehemu ambayo chuo kilifanya kazi nzuri, kwa sababu mwalimu alitulazimisha tushuke kila mara. Weka kabari kwenye tela, panga kichwa kiwe mstari mmoja nalo, rudi polepole mpaka karibu kugusa, simama, weka hendibreki, shuka uangalie kimo. Bamba la chini la tela linatakiwa kuwa chini kidogo ya katikati ya sahani ya kuungia iliyo nyuma ya kichwa, ili kichwa kikiingia kilinyanyue kidogo. Tela likiwa juu sana, kingpini, pini iliyo chini ya tela, inapita juu ya taya za sahani, gari linaonekana limeungana, na tela linaanguka barabarani. Likiwa chini sana, unaligonga kwa nyuma ya kichwa.

Unganisha mipira ya upepo, ule mwekundu wa akiba na ule wa breki za kazi, ambao kwa magari mengi ni wa manjano au wa bluu. Ukiichanganya, breki za tela hazitaachia, na wanafunzi wanamaliza muda wote wakitafuta hitilafu isiyokuwepo. Ingia chini ya tela mpaka usikie taya zikifunga, kisha vuta mbele kwa upole huku breki za tela zikiwa zimeshika. Kuvuta peke yake hakutoshi. Ingia chini na tochi: kusiwe na uwazi kati ya bamba na sahani, na taya ziwe zimefunga shingo ya kingpini, siyo kichwa chake. Mwisho unganisha waya wa umeme, inua miguu ya tela mpaka juu kabisa, toa kabari. Mguu ulioachwa nusu unakamatwa na reli ya treni au tuta.

Gia. Gari la mazoezi lilikuwa na gia zisizo na sinkro (kifaa kinacholinganisha mizunguko ya gia), na nashukuru kwa hilo, ingawa wenzangu wengi walilalamika. Baadhi ya nchi zinakuwekea kizuizi kwenye leseni ukifanya mtihani kwa gari la otomatiki, kwa hiyo uliza kabla ya kujiandikisha. Kupanda gia: klachi, toa gia, achia klachi, subiri mizunguko ishuke, klachi tena, ingiza. Kushuka: ukishatoa gia na kuachia klachi, ongeza mafuta kidogo mizunguko ipande, ndipo uingize. Tatizo kubwa la wanaotoka kwenye magari madogo ni kukanyaga klachi mpaka chini wakati gari linakwenda. Sentimita za mwisho za pedeli hiyo zinashika breki ya klachi, ambayo kazi yake ni kusimamisha gia wakati gari limesimama. Ukiigusa njiani, gia zinagoma na breki yenyewe inaisha. Kukanyaga nusu kunatosha. Na swichi ya gia za juu iguswe kabla hujatoa gia uliyonayo, ili ibadilike yenyewe unapopita katikati.

Kurudi nyuma ndiko kwenye foleni ndefu ya wanafunzi na muda mdogo wa kila mmoja, na hapa ndipo naitoa nyota nzima. Wanafunzi wanne wanakaa kwenye gari moja, watatu wanaangalia. Mbinu wanayofundisha lakini ni sahihi: shika usukani kwa chini, na upande unaoupeleka mkono ndio upande tela litakwenda. Ugumu unaanza baada ya tela kuanza kukata. Watu wanasubiri pembe iwe kubwa ndipo wageuze, wakati walipaswa kuanza kulifuata mapema, usukani ukirudi upande wa pili ili kichwa kiingie nyuma ya tela. Kadiri tela lilivyo fupi ndivyo linavyokunja haraka. Ukiona pembe inazidi kuliko unavyoweza kurudisha, vuta mbele unyooshe. Mtahini anahesabu kuvuta mbele, lakini kugusa koni kunakugharimu zaidi. Kushuka kuangalia nako kunaruhusiwa kwa idadi maalumu kwenye mitihani mingi. Kabla ya kushuka weka gia huru na hendibreki, na shuka ukiutazama usukani, mikono miwili na mguu mmoja vikishika gari. Kuna wanaofeli kwa kuruka chini tu.

Simuleta ni nzuri kwa kujua mahali pa vioo na mpangilio wa gia. Kwa kurudi nyuma haina maana.

Barabarani, kama nilivyosema, walimu wao ni hodari. Wanakufundisha kuingia ndani ya makutano moja kwa moja kabla ya kukata, kwa kuwa magurudumu ya nyuma ya tela yanapita njia fupi kuliko ya kichwa, na wanakukataza kujitanua kwanza upande wa pili, kwani ule uwazi unaouacha pikipiki anauona kama mwaliko. Kioo cha upande unaokatia kitazamwe mpaka tairi la mwisho limepita kona. Umbali wa kufuata: sekunde moja kwa kila mita 3 za urefu wa gari, na moja zaidi ukizidi kilomita 65 kwa saa. Lori na tela la mita 18 likizidi mwendo huo linahitaji sekunde 7. Sababu mojawapo ni upepo wenyewe: kwenye kilomita 90 kwa saa unakwenda mita 25 kila sekunde, na nusu sekunde ya upepo kusafiri kwenye mipira inakula zaidi ya mita 12 kabla breki hazijashika.

Mteremko: gia ichaguliwe juu, kabla ya kuanza kushuka, maana katikati unaweza kutoa gia usiweze kuingiza nyingine. Injini ibebe kazi. Mwendo ukifika kikomo ulichojiwekea, kanyaga breki vizuri mpaka ushuke kilomita 8 hivi chini yake, kama sekunde 3, uachie, urudie. Wanaokanyaga kidogo kidogo mfululizo wanafika chini na breki zinazotoa moshi.

Kwa anayetaka kujiandikisha chuo chochote, maswali yangu ni haya. Je, gari la mtihani ni lilelile la mazoezi, lenye gia zilezile? Wanafunzi wangapi wanagawana gari wakati wa kurudi nyuma? Na mtihani wa majaribio unaanzia wapi: kwenye ukaguzi na kipimo cha upepo, au wanakupandisha tu barabarani? Kwetu ulianzia barabarani, na mwalimu mwenyewe aliyeusimamia ndiye aliyetufundisha, hivyo makosa aliyozoea kuyapuuza aliendelea kuyapuuza. Muombe mwalimu mwingine akupime, na aanze na kabari.